Mwisho Mwema ni Upi?

Je, msimulizi ana wajibu wa kutufariji mwishoni mwa hadithi? Wako Wakristo wanaoshika kwamba hadithi ambayo mwovu hushinda haifai kutazamwa, kwa kuwa yafundisha kana kwamba Mungu hayupo. Sisi hatukubaliani nao, na sababu yetu yaonekana katika sinema mbili ambazo kwa kweli ni hadithi moja.

Mwaka 1984 Mholanzi Tim Krabbé alitoa kitabu kidogo, Het gouden ei, yaani Yai la Dhahabu. Mwaka 1988 Mholanzi mwenzake, George Sluizer, alikifanya sinema iitwayo Spoorloos, yenye maneno ya Kiholanzi na Kifaransa. Rex na mpenzi wake Saskia wako safarini Ufaransa. Wanasimama penye kituo cha petroli, Saskia anakwenda kununua vinywaji, harudi. Miaka mitatu Rex anamtafuta na kubandika picha zake. Mtekaji ni Raymond Lemorne, mwalimu wa kemia, mwenye mke na mabinti wawili. (Nasi tuliokula vumbi la chaki miaka mingi hatukupendezwa kuona kazi yetu ikitajwa hapo.) Zamani mtu huyu alimwokoa mtoto asizame majini, akasifiwa nyumbani kwake kuwa shujaa. Hapo akaanza kujiuliza: ikiwa naweza kutenda wema mkubwa namna hii, je, naweza pia uovu ulio mkubwa kuliko wote? Akaamua kujipima. Angalieni jinsi jambo lote lilivyoanzia katika tendo jema na sifa zake!

Mwishowe anamjia Rex mwenyewe. Ukitaka kujua yaliyompata Saskia, anamwambia, kunywa kahawa hii yenye dawa ya usingizi. Rex anakunywa, na anapoamka yumo ndani ya jeneza, chini ya udongo. Basi. Lemorne anakaa na jamaa zake kama kawaida.

Mwaka 1993 Sluizer yuleyule aliitengeneza tena huko Marekani kwa Kiingereza, ikaitwa The Vanishing. Safari hii kijana ana mpenzi mpya, naye anamfuata hadi mahali pale, na kijana anatolewa kaburini akiwa hai. Kisha anampiga mtekaji kwa beleshi mpaka afe. Baadaye tunawaona wawili hao mkahawani, wanaletewa kahawa, wanaikataa, nasi tunatakiwa tucheke.

Wengi watasema mwisho huu wa pili ndio wa Kikristo, maana haki imetendeka. Haki gani? Hapakuwa na hakimu wala toba, na yule msichana wa kwanza, ambaye Wamarekani walimwita Diane, hakurudi. Tulichopewa ni mtu wa kumchukia na beleshi la kumpigia, tukafurahi. Hicho ni kisasi kilichovikwa nguo za Jumapili. Mwisho wa Kiholanzi ni mchungu mno, wala hatungependa watoto wauone, lakini hautufundishi kushangilia mtu akiuawa.

Na jambo hili si la sinema tu. Wako waumini ambao ndugu yao alitoka nyumbani asubuhi asionekane tena. Huwaendea mara nyingi tukiwa na mwisho wetu tayari mkononi: atarudi tu, Mungu ana mpango wake, msilie. Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe hatuwezi kukaa nao katika kutojua kwao, nao hulazimika kutuitikia ili tuondoke tumeridhika.

Zaburi ya 88 ni maombi ya mtu anayejiona kama amekwisha kuzikwa. Haina wokovu mwishoni, yaishia gizani. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kiliiweka katika Sala ya Jioni ya Ijumaa Kuu. Baada yake husemwa Atukuzwe Baba, kama baada ya kila zaburi, lakini ule mstari wa giza haukuondolewa.