MUME NAYE APIMWE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wa kiume na wa kike, leo ninasema jambo ambalo tunalinong'ona nyuma ya nyumba: ndoa isiyopata mtoto.

Zamani, nikiwa bado mgeni katika kazi ya uimamu, mume na mke walinijia. Miaka mitano ya ndoa, hakuna mimba. Niliwaambia wasubiri na waombe. Sikumuuliza mume kama amepimwa. Wazo hilo halikunijia hata kidogo. Ukoo wake ukamsukuma, akamwacha bibi yake, nami nilikuwa shahidi wa talaka ile. Yule mama aliolewa kwingine, akazaa watoto watatu. Yule bwana alioa tena mara mbili, na mpaka leo hajaitwa baba. Nikimwona mama huyo sokoni, ninapita njia nyingine.

Kwa hiyo kijana mmoja wa msikiti wetu alipokuja kutaka talaka baada ya miaka sita, nilimuuliza kwanza: "Mwanangu, wewe umepimwa?" Akasema: "Shehe, mimi ni mzima." Mzima wa kubeba gunia, ndiyo. Waganga wa hospitali wanatufundisha kwamba karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, tatizo liko kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mke. Na Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 katika 6 hupatwa nayo wakati fulani wa maisha yake. Ukipita mwaka mzima mkiishi pamoja bila kuzuia uzazi, na mimba haikuja, nendeni wote wawili.

Walikwenda. Mbegu za mume zilikuwa chache. Mirija ya mke ilikuwa imeziba kwa makovu ya ugonjwa wa zinaa usiotibiwa. Msiniulize nani aliuleta nyumbani. Mume alinyamaza, nami nikanyamaza. Neno talaka sikulisikia tena kinywani mwake.

Mirija ya namna hiyo haifunguliwi na vidonge wala mizizi. Waliuza kiwanja, wakaenda Kampala, ambako yai la mke na mbegu ya mume huunganishwa nje ya mwili, kisha hurudishwa tumboni mwa mke. Mara ya kwanza haikushika. Walirudi mikono mitupu, watu wakacheka.

Wengine waliniuliza kama ni halali. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Mwaka 1980 ilitoka fatwa ya Misri, na mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Amman: inaruhusiwa penye haja, ikiwa yai ni la mke, mbegu ni ya mume, tumbo ni la mke huyo huyo, na ndoa ingali imesimama. Mtu wa tatu haingii, hata akiwa ndugu wa damu. Soma Sura Maryam: Zakaria alikuwa mzee na bibi yake tasa. Aliomba kwa siri, na hatusikii kwamba alimfukuza.

Mara ya pili imeshika. Leo mimba ina majuma saba. Kijana alitaka kuchinja mbuzi papo hapo. Nikamwambia akika ni siku ya saba baada ya kuzaliwa, mbuzi angoje. Kwa sasa anunue chandarua, ampeleke mama kliniki, na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo au damu ikitoka, wasilale nyumbani. Mimba changa huweza kutoka, na mara nyingi sababu ni kasoro iliyokuwamo tangu mwanzo, si ndoo ya maji aliyobeba wala jicho la jirani. Likitokea hilo, asiwepo wa kumwambia mama yule neno baya.

Baada ya swala tutawaombea, bila kutaja majina. Akina mama mlio safu za nyuma, tafadhali msitafute ni nani. Na mabwana watatu mlionifuata mwezi huu kwa habari ya talaka, ninawangoja Jumatatu baada ya Alasiri. Njooni na karatasi za vipimo, na zenu pia.