Ushahidi wa Anayelishwa

Kila tufikapo mlango wa mashahidi katika darasa langu la jioni, huwasomesha vijana hadithi moja fupi iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliukataa ushahidi wa mtu anayelishwa na nyumba fulani pale anapoishuhudia nyumba hiyo hiyo, na akauruhusu kwa watu wengine. Mwanafunzi mmoja, kijana anayesomea uanahabari hapa Mombasa, aliinua mkono: "Maalim, na KBC je? Mishahara yao yatoka serikalini. Tuwasadiki au tusiwasadiki?"

Nilimwambia aitazame tena hadithi. Mtu yule hakuitwa mwongo. Hakuambiwa kuwa ni fasiki. Ushahidi wake wafaa sokoni, wafaa kwa jirani, wafaa kwa mgeni. Umefungiwa mlango mmoja tu, ule wa nyumba inayomlisha.

Marehemu baba alikuwa na duka dogo Majengo, na redio yake ikikaa juu ya rafu ya sabuni. Sauti ya Kenya, redio ya serikali wakati huo, ilipofika kwenye matangazo ya vifo aliinua kiganja, na wateja wote wakanyamaza. Likitajwa jina la mtu wa Lamu au Malindi tunayemjua, alimtuma mmoja wetu mbio kwa jamaa zake, bila kungoja uthibitisho wowote. Habari za mafuriko ya mto Tana, siku ya kufungua shule, bei mpya ya sukari: yote aliyapokea. Kisha ikaja taarifa ya habari ya saa saba, na kama ilivyokuwa desturi miaka ya Moi, ikaanza kwa Mtukufu Rais, amekwenda wapi na amewaambia nini wananchi. Hapo baba alirudi kwenye mizani yake akaendelea kupima. Usiku aliizungusha redio hadi aipate BBC. Hakusoma fiqhi zaidi ya ile ya sala na udhu, lakini hukumu yake ilikuwa ile ile ya hadithi: kwa msiba wa jirani, shahidi huyu anakubaliwa, kwa sifa za mwenye nyumba, hapana.

Mwaka 1989 sheria iliigeuza Sauti ya Kenya kuwa shirika la utangazaji, KBC. Jina lilibadilika, anayelisha akabaki yule yule. Na tarehe 30 Desemba 2007, siku ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi wa urais, tuliona jambo hili laweza kugharimu nini. Nilikuwa sebuleni kwa jirani, Kisauni, tumejaa hadi mlangoni. Ukumbi wa KICC jijini Nairobi ulikuwa umevurugika, askari wakawatoa waandishi wa habari na mawakala wa vyama. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, akaingia chumba kingine, na matokeo akayasoma mbele ya KBC peke yake: Mwai Kibaki kura 4,584,721, Raila Odinga 4,352,993. Haikupita muda, Rais akaapishwa Ikulu magharibi ikiingia, na tukio hilo tukaonyeshwa na KBC. Jioni hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Sebuleni hakuna aliyeuliza kama hesabu ni sahihi. Mzee mmoja alisema tu, "Hao ni watu wao," akavaa viatu akaondoka.

Tume ya Jaji Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, baadaye ilisema kura zilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Mimi siizungumzii hesabu. Nazungumzia kwamba hata kama ingekuwa ya kweli hadi tarakimu ya mwisho, ilipita katika mdomo ambao nusu ya nchi haikuweza kuukubali katika kesi ile. Waliouawa katika ghasia za wiki zilizofuata, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, ni watu 1,133. Sisemi kwamba redio na televisheni ndizo zilizowaua. Nasema tulikuwa tunamhitaji shahidi, na tuliyekuwa naye alikuwa mtu wa nyumba.

Yule kijana hakuridhika. Mwandishi mcha Mungu, alisema, atasema kweli hata akilipwa na Firauni. Kwani amali si kwa nia? Ni swali zuri, na wapo watu wazima wanaolijibu vibaya. Hadithi haikuuliza uchamungu wa yule mtu. Ingewezekana awe mbora wa mji mzima. Sheria haiwezi kuupima moyo, nasi wasikilizaji hatuwezi, kwa hiyo imeangalia kinachoonekana: nani akikasirika, huyu atalala njaa? Katika hilo mimi naona huruma kwa shahidi mwenyewe, kwamba hakuwekwa mahali ambapo kila asubuhi achague baina ya kweli na chakula cha wanawe.

Lakini mtu asiikimbilie hadithi hii akasema fedha ya umma ni najisi. Kadhi naye hulipwa kutoka hazina, tangu zama za makhalifa, na wanazuoni waliona ndivyo inavyofaa, asije akaitegemea mifuko ya wanaoshitakiana mbele yake. Abu Hanifa aliukataa ukadhi wa khalifa al-Mansur na akatiwa gerezani kwa ajili hiyo. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akawa kadhi mkuu wa khalifa Harun al-Rashid. Husimuliwa kwamba waziri wa Harun alikuja kutoa ushahidi, Abu Yusuf akaukataa. Khalifa alipouliza sababu, akamjibu: nimemsikia akikwambia yeye ni mtumwa wako. Akiwa mkweli, ushahidi wa mtumwa haupokelewi. Akiwa mwongo, vilevile. Nampenda sana Abu Yusuf katika kisa hiki. Analishwa na Harun, na mbele ya Harun anamkataa mtu wa Harun.

BBC aliyoitafuta baba nayo ililishwa, na idhaa zake za nje zililipiwa na ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Ila mwaka 1956, katika vita vya Suez, ilimpa Hugh Gaitskell, kiongozi wa upinzani, nafasi ya kumjibu Waziri Mkuu Anthony Eden, na ikaitangazia dunia kwamba Waingereza wenyewe wamegawanyika. Serikali ikatishia kuikatia fedha. Idhaa ya Kiswahili ilianza Juni 1957, wakati kumbukumbu hiyo ingali mbichi. Ushahidi dhidi ya anayekulisha hauna shaka ya tumbo, na mtu akishausikia mara moja huukumbuka. Wala si malaika hao: katika mgomo mkuu wa 1926, mkuu wao John Reith alimzuilia Askofu Mkuu wa Canterbury wito wa upatanisho kwa siku kadhaa, ilhali Waziri Mkuu hakuamrisha, alionyesha tu kwamba asingependa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 34, inaviagiza vyombo vya habari vya serikali visipendelee na viwape nafasi wenye maoni tofauti. Kifungu cha 160 kinamlinda jaji: mshahara wake hauwezi kupunguzwa kwa kumdhuru. Jaji amepewa amri pamoja na ngao. Mtangazaji amepewa amri, ngao ya mshahara hana. Na Machi 2024 wizara ilipoagiza matangazo yote ya serikali ya kulipiwa yapelekwe KBC, tulisikia kilio cha stesheni za binafsi, tukajua kuwa nazo zilikuwa zikila katika nyumba ile ile.

Tunapiga kura tena Agosti 2027. Kabla ya hapo nataka Bunge liitengee KBC fungu lake kwa sheria, la miaka kadhaa, ambalo waziri hawezi kulipunguza wala kulichelewesha. Nimemwambia yule kijana aliandikie Bunge, nami nitatia sahihi chini ya jina lake.