Je, Mlima Waweza Kuwa Mtakatifu?

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mzaliwa wa Tukuyu, na kila asubuhi ufunguapo mlango waona Mlima Rungwe umejifunika ukungu. Huenda babu yako alikufundisha kwamba si kila msitu huingiwa ovyo, na kwamba iko miti isiyoguswa na shoka. Sasa umeamini, au ungali wachunguza, kwamba hapana apasaye kuabudiwa ila Mwenyezi Mungu Mmoja. Basi swali lakukabili: mlima ule wa wazee uutendeeje?

Swali hili si la Rungwe peke yake. Huko China Wabudha huupanda mlima Emei, wenye misitu na mahekalu, kwa kufanya ziara. Wakikuyu waliuelekea Mlima Kenya katika sala zao. Na katika Unyakyusa wazee walikusanyika katika kichaka kitakatifu cha Lubaga, wakatoa sadaka kwa jina la Lwembe ili mvua inyeshe.

Watu hulijibu swali hili kwa njia mbili, na kila moja ina kosa lake.

Wa kwanza husema: tuendelee kutoa sadaka kama wazee wetu. Lakini mlima hausikii wala hauchagui. Mvua ya Tukuyu, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, huletwa na pepo zenye unyevu zipandazo kutoka Ziwa Nyasa. Nazo pepo zamtii Yule aliyeziumba. Zingatia mfano huu: wahyi wa kwanza ulimshukia Mtume Muhammad (s.a.w.) katika pango la mlima Hira. Kama kungekuwa na mlima wa kuabudiwa, ungekuwa huo. Walakini Uislamu haukuamuru ibada yoyote kwa Hira, na hija haipiti huko. Naye Seyidna Umar (r.a.) alipolibusu Jiwe Jeusi alitangaza mbele ya watu kwamba alijua ni jiwe tu, lisiloweza kudhuru wala kunufaisha.

Wa pili husema: kwa kuwa mlima si mungu, basi ni kuni na mbao tu, tuukate ili tuonyeshe kwamba hatuogopi mizimu. Huyu adhani kwamba shoka ni dalili ya imani. Hebu atazame Makka yenyewe: Mtume (s.a.w.) alikataza kukata miti ya eneo lake takatifu na kuwafukuza wanyama wake, na Madina nayo akaifanyia vivyo hivyo. Hapo mti hauabudiwi, wala haukatwi. Kumbe kuheshimu na kuabudu ni mambo mawili mbalimbali.

Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisimulia habari za mti wa mugumo karibu na nyumbani kwao Nyeri. Utotoni alifundishwa na mama yake asiokote kuni zake, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Aliporudi kutoka masomoni Marekani alikuta umekatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kimekauka. Hofu ya zamani iliondoka. Lakini ni kitu gani kiliwekwa mahali pake?

Hapa, ndugu yangu, ndipo penye kiini cha jambo. Babu yako aliuhifadhi msitu kwa woga. Wewe tauhidi imekutoa katika woga huo. Ikiwa baada ya kuwa huru utauharibu, majirani watasema kwamba imani yako imeleta shoka, nao watakuwa na hoja. Badala ya woga yapasa ije amana: kujua kwamba msitu ni mali ya Mungu, nawe utaulizwa juu yake.

Pengine utasema: serikali yatosha. Ni kweli kwamba msitu wa Rungwe ulihifadhiwa kwa sheria mwaka 1949. Lakini askari wa misitu hawezi kusimama penye kila bonde, na dhamiri yaweza. Tazama Ruaha Mkuu, mto uanzao katika milima ya Mbeya na kupita Iringa: tangu mwaka 1993 hukauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, hasa kwa sababu maji huchukuliwa mno Usangu. Achotaye juu hamwoni mwenye kiu chini. Mungu awaona wote wawili.

Wala usiwadharau wazee. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja nyani aitwaye kipunji. Wataalamu walisikia habari zake, na mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2006 wakamweka katika jenasi mpya kabisa. Mzee aweza kukosea katika ibada na bado akaujua msitu kuliko msomi.

Basi baba yako akikuita mlimani, kataa sadaka kwa upole, lakini panda pamoja naye. Muulize majina ya miti. Mvua ikichelewa, mwambie kwamba haja yake ni ya kweli, na kwamba Uislamu nao unayo sala ya kuomba mvua, isaliwayo uwanjani kwa unyenyekevu. Kisha panda mche mbele yake, apate kuona kwamba hukumwacha Muumba wa mlima kwa kuacha kuusujudia mlima.

Mwenyezi Mungu atujalie kumwabudu Yeye peke Yake, na kuvichunga vyote alivyotukabidhi. Amin.