Uso Si Shahidi wa Miaka

Katika maneno yaliyo mepesi ulimini mwetu, sisi watu wa Pwani, ni neno hili: "Masikini fulani, amekonda mpaka amezeeka!" Husemwa barazani, husemwa arusini, husemwa hata matangani, na mwenye kulisema huona kuwa ametoa khabari tu, hakutenda jambo. Nasi tumeona ni kheri kulitazama neno hili kwa makini, kwani ndani yake mna masuala mawili. La kwanza: ni kweli kuwa mtu akipungua mwili huzeeka? La pili: ikiwa sura yake imekuwa ya kizee, sisi tumtazamao tuna haki gani ya kumhukumu kwa sura hiyo, na yeye mwenyewe aiogope kwa kiasi gani?

Ama la kwanza, jawabu yake ni kuwa neno hili lina ukweli nusu. Chini ya ngozi ya uso wa mwanaadamu mna mafuta yaliyopangwa vipande vipande, mashavuni, chini ya macho na penye vipaji. Mafuta haya ndiyo yanayoishika ngozi ikakaa sawa, kama sufi inavyolishika godoro. Toa sufi, kitambaa kitakunjana, hali ya kuwa kitambaa ni kile kile. Ngozi ya kijana huvutika na kurudi. Ya mtu aliyepita miaka arubaini hairudi upesi, na kila umri unavyozidi ndivyo inavyochelewa. Kwa hivyo mtu mzima akipungua kilo nyingi kwa miezi michache, mashavu hubonyea, shingo hulegea, na makunyanzi yaliyokuwa yamefichika hujitokeza. Akipungua pole pole, ngozi hupata muhula, na athari yake huwa ndogo.

Mwaka 2009 matabibu wa Ohio, Marekani, walitangaza uchunguzi walioufanya kwa jozi 186 za mapacha wafananao. Mapacha hawa walizaliwa siku moja na wana asili moja, basi ikiwa mmoja anaonekana mkubwa kuliko mwenziwe, sababu haiwezi kuwa miaka. Wakaona kuwa kwa walio chini ya miaka arubaini, pacha aliye mnene zaidi ndiye aliyeonekana mkubwa. Lakini kwa waliopita arubaini mambo yaligeuka: aliye mnene ndiye aliyeonekana kijana, na mwembamba ndiye aliyeonekana mzee. Pia waliona kuwa jua na tumbaku huzeesha uso. Tazama basi: unene ule ule mmoja humwongeza mtu miaka akiwa kijana, na humpunguzia akiwa mtu mzima. Shahidi anayetoa ushahidi wa namna mbili juu ya jambo moja, kadhi gani atamkubali?

Na nusu ya pili ya ukweli ni hii: kuonekana mzee si kuzeeka. Mtu mnene aliyepunguza mwili kwa mpango huenda uso wake ukaonekana umeongezeka miaka, lakini moyo wake, magoti yake na damu yake vimepata nafuu. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu ya kushikwa na ugonjwa wa sukari, ulionyesha kuwa walioongozwa kupunguza kiasi cha sehemu saba katika mia ya uzito wao, na kutembea kiasi cha dakika 150 kwa wiki, khatari yao ya kupata ugonjwa huo ilipungua kwa sehemu 58 katika mia. Hapa ndipo panapoanza jambo la kuamua. Nimepata kumsikia mama mmoja wa Tanga, mwenye sukari na magoti yanayomuuma, akisema kuwa daktari amemtaka apunguze mwili naye amekataa, kwani hataki kuonekana ajuza mbele ya wakewenza. Mama huyu ameuza siha yake akanunua mashavu.

Sasa natutoke Pwani tupande bara, tufike Ufipa, ambako mimi nimesomesha watoto Kurani kwa miaka mingi. Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai huwa na baridi kali na upepo mkavu. Jua lake halina joto kama la Mombasa au Unguja, na mgeni hudhani kuwa ni jua la upole. Kumbe makali ya mwale unaounguza ngozi huzidi kiasi cha sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Chini ya jua hilo Mfipa hulima matuta yake, hugeuza majani yakaoza chini ya udongo, hupanda mahindi, maharage na ulezi, na hutembea mwendo mrefu na mzigo kichwani. Mafuta hayapati nafasi ya kukaa mwilini mwake. Mgeni wa Pwani akimwona mwanamke wa miaka arubaini na mitano akitoka shamba, humwamkia "Shikamoo bibi" kama aliyepita sitini, kisha hushangaa kumwona akipanda mlima na gunia ambalo yeye mgeni hawezi hata kulitikisa.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo. Mkoa wa Rukwa ni katika mikoa inayotoa nafaka nyingi Tanzania, na pamoja na hayo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kuliko mkoa wowote mwengine. Na ule wa mwaka 2022 ulikuta bado ni karibu ya nusu. Mtoto aliyedumaa huonekana mdogo kuliko miaka yake. Wa miaka saba utamdhani wa mitano. Basi fikiri, ndugu msomaji: upungufu wa lishe humfanya mtoto aonekane mdogo, na upungufu ule ule humfanya mamake aonekane mkongwe. Mama na mwana wamekaa kwenye mkeka mmoja, wamekula ugali mmoja, na mtazamaji amekosea umri wao wote wawili, mmoja kwa kuuzidisha na mmoja kwa kuupunguza. Mwalimu akimwambia mtoto huyo "wewe bado, rudi mwakani", na mpita njia akimwambia mamake "umezeeka", wote wawili wamesoma njaa wakadhani wanasoma miaka.

Na kukosea huku si mchezo, kwani watu wengi wa vijijini waliozaliwa zamani hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao hujulikana kwa mambo yaliyotokea, kama vile kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa mwaka 1974. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na mzee asiyejiweza akawekewa msamaha wa gharama za matibabu. Zanzibar nayo ilianza mwezi wa Aprili 2016 kuwalipa pencheni wazee wote waliofika miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Penye haki iliyofungwa kwa umri, karani akiutazama uso badala ya kuuliza na kuchunguza, atampa mwembamba asiyefika na kumnyima mnene aliyefika. Kosa lake limo machoni mwake tu, na anayelipa ni mtu mwengine.

Pia yako yaliyo mabaya kuliko hayo. Wenyeji husimulia kuwa maana ya jina la Sumbawanga ni "tupa uchawi wako", na wapita njia wameligeuza jina hilo mzaha. Lakini katika baadhi ya pande za Tanzania, khasa Usukuma, bibi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na dalili iliyotolewa ni mwili uliosinyaa na macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka khamsini, katika kuwapikia watoto na wajukuu. Huu ndio mwisho wa njia inayoanza kwa kuufanya uso kuwa ushahidi.

Sisi wa Pwani tusijione kuwa tumesalimika. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walijulikana mkoani Kagera, na kwa jirani zetu wa Uganda maradhi hayo yakaitwa kwa jina la kukonda. Tangu hapo kila aliyepungua mwili alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mwenye kifua kikuu, mwenye sukari, mwenye deni, mwenye msiba, aliyefunga sunna, wote waliingizwa katika kapu moja. Kisha mwaka 2004 dawa zikaanza kutolewa bure Tanzania, na watu wakapata uhai. Lakini mojawapo ya dawa za mwanzo, iitwayo stavudine, ilikuwa ikila mafuta ya mashavu, na ndiyo sababu mojawapo Shirika la Afya Duniani likataka mwaka 2009 iachwe. Kwa hivyo walikuwako watu waliokuwa wakipona na nyuso zao zikibonyea, na majirani wakawahesabia siku. Wangapi waliziacha dawa kwa kuogopa uso wao kusomwa? Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza wingi wa dhana, na kupelelezana, na kusengenyana. Yametajwa matatu kwa mpango: dhana ndiyo mama, upelelezi ni mwana, na kusengenya ni mjukuu. Na neno "amekonda huyo" hubeba ukoo wote.

Huenda mtu akasema: "Je, Sheikh, tunyamaze? Ndugu yangu nimwone anapungua nisimuulize, na huku kukonda huenda kukawa ni ugonjwa?" Hili ni neno la haki, na hatusemi watu wanyamaze. Kupungua mwili bila ya kukusudia ni jambo la kupelekwa hospitali, kwani huenda likawa sukari, au kifua kikuu, au saratani. Lakini kuna tafauti baina ya kumuuliza mtu hali yake na kumtangazia sura yake. Mpwa amwambie mjomba wake faraghani: "Shikamoo mjomba. Siku hizi chakula chakupita? Usingizi waupata? Twende pamoja kwa daktari kesho." Hayo ni mapenzi. Ama kumpokea mtu mlangoni, mbele ya wageni, kwa "Loo, mbona umekongoroka!" ni kumvua nguo kwa ulimi. Wa kwanza amebeba mzigo, na wa pili ameuongeza.

Na yule mwenye uso wake naye ana wajibu. Kujipamba si haramu. Siku ya kufunguliwa Makka alipoletwa Abu Quhafa, babake Sayyidna Abubakar, nywele zake zikiwa nyeupe pepepe, Mtume s.a.w. aliamrisha zibadilishwe rangi, na akataka weusi uepukwe. Wanavyuoni wana maneno juu ya huo weusi, lakini mafunzo yako wazi: mzee apendezeshwe, na asijigeuze kijana. Mwanamke apakaye liwa hana lawama. Lawama ni kwa mwenye kuiharibu amana ya mwili kwa ajili ya macho ya watu, naye huiharibu kwa njia mbili. Wako wakataao kupungua, juu ya ushauri wa daktari, wasije wakaonekana wazee. Na wako wapunguzao kwa pupa wasionekane wanene. Siku hizi katika nchi tajiri watu wasio na ugonjwa wa sukari hutumia dawa za sindano zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye sukari, kama semaglutide, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017. Wakipungua upesi na uso ukilegea, huenda tena kwa daktari mwengine kulipa ili mashavu yajazwe. Wamelipa ili watolewe mafuta, wakalipa ili wajazwe.

Mafundisho ya dini yetu katika chakula ni kiasi: thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji na thuluthi ya pumzi. Mwenye kushika kiasi hicho hatakonda kwa ghafla wala hatanenepa kwa ghafla, na uzee ukimjia utamjia kwa mwendo wake. Nao utakuja tu, kwani udhaifu na mvi baada ya nguvu ni mpango wa Mwenye kuumba, umetajwa katika Suratur Rum.

Tumalizie kwa Sayyidna Abdullahi bin Masud. Alikuwa mtu mwembamba, na siku moja upepo ulipoifunua miguu yake, maswahaba walicheka kwa wembamba wa miundi yake. Mtume s.a.w. akawaambia kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Maswahaba walikuwa watu wema, na juu ya hayo walicheka. Basi sisi tuna haja zaidi ya kujichunga. Atakayepita mbele ya baraza yako kesho amepungua mwili, mwamkie kwa heshima anayostahiki, muulize hali yake na ya nyumbani kwake, na ukiona ana haja, msaidie. Miaka yake mwachie Mwenye kuihesabu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.