Lawama ni ya Nani?

Tuseme, msomaji, umeweka chumbani mwako huko Tassia tangi dogo la kioo lenye maji ya chumvi, ukatia samaki watano wa kijani walionaswa katika matumbawe ya Pwani. Baharini samaki hao huishi kwa makundi. Adui ajapo, wingi wao humtatanisha asijue amkamate yupi. Tangini hamna adui. Lakini aghalabu mwenye nguvu humwandama mnyonge mpaka afe, kisha humgeukia wa pili, hata abaki mmoja. Utasema, “Samaki hawa ni wakali.” Naam, hata baharini hufukuzana, ila huko mnyonge hupotelea katika wingi. Ukali ni wa kwao. Je, ufinyu ni wa nani? Chakula uliwapa, nakiri. Usiku, taa iwakapo, yule mmoja huogelea sambamba na sura yake kiooni.