Jani la Manjano

Somo: Luka 13:6–9

Mwaka 2005 iligunduliwa kuwa michungwa ya Florida, Marekani, imeingiliwa na ugonjwa wa bakteria usio na tiba. Huenezwa na kidudu kidogo kinachofyonza majani machanga. Mti ukiugua, machungwa yake huwa madogo, hupinda upande mmoja, hubaki kijani kitakoni na ladha yake huwa chungu. Ugonjwa wa jamii hiyo upo hata huku Afrika Mashariki, hasa kwenye miinuko ya baridi.

Kazi kubwa ni kuutambua. Jani huanza kuwa manjano, lakini jani huwa manjano pia udongo ukipungukiwa zinki. Basi mkulima huchukua kalamu, akachora viduara viwili juu ya jani, kimoja kila upande wa mshipa wa kati, vikitazamana. Rangi za ndani zikilingana, yaelekea mti una njaa, utiwe mbolea. Zikitofautiana, huku kijani na huku manjano, ugonjwa unashukiwa, na jani hupelekwa maabara. Tena mti waweza kuugua miezi mingi, hata miaka, bila dalili yoyote. Ndiyo maana Marekani wamefunza mbwa wa kunusa mti mmoja mmoja. Akiukuta wenye ugonjwa, huketi chini yake.

Katika somo letu, mwenye shamba aliona mtini usiozaa akaamuru ukatwe. Mtunzaji aliomba mwaka mmoja apalilie na kutia samadi. Mmoja alitazama matawi, mwenzake akafikiria udongo.

Nasi kanisani tunaliona jani tu. Kijana ameacha kwaya, mama haonekani tena jumuiyani, na upesi tunasema, "Huyo amerudi nyuma." Kumbe kijana anaona haya kwa sababu hana nauli, na mama amefiwa, wala hakuna aliyekwenda kukaa naye. Hiyo ni njaa, na njaa haiponi kwa kukemewa. Yupo pia anayehudhuria kila Jumapili huku chuki au ulevi unamla kwa ndani. Huyo tukimnyamazia kwa kuwa majani yake bado ni mabichi, hatujampenda.

Ila binadamu si mchungwa. Mchungwa ulioambukizwa hung'olewa ili mingine isalimike. Mtu hang'olewi, maana kwa Kristo hakuna ugonjwa wa roho usio na dawa.

Wiki hii, kabla hujamjadili mwenzako na wengine, nenda kwake. Muulize hali, kisha umsikilize mpaka amalize. Ukikuta njaa, mlishe. Ukikuta ugonjwa, mwambie kweli kwa upole, na usimwache peke yake.

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho ya kupambanua na subira ya yule mtunzaji, tusimhukumu mtu ambaye hatujamkaribia. Amina.