Zawadi ya Desemba, Deni la Januari

Je, zawadi iliyonunuliwa kwa mkopo ni zawadi? Swali hili hunijia kila Desemba, wakati sisi wenye asili ya Kilimanjaro tunaoishi Dar es Salaam tunapoanza kukata tiketi za kwenda nyumbani kula Krismasi. Mtu anaingia Kariakoo na orodha ya majina kumi na manne na pesa ya kuwatosha watu sita. Kitenge cha shangazi, shati la baba mdogo, viatu vya watoto wa kaka. Bei zimepanda, Mtaa wa Kongo haupitiki, na nauli bado. Majina manane yaliyobaki yanamaliziwa kwa mkopo wa simu, au kwa ile mikopo ambayo mtaani tumeipa jina lake halisi: kausha damu.

Januari inafika na shule zinafunguliwa. Ni kweli, ada katika shule za msingi na sekondari za serikali imeondolewa, lakini sare, viatu na madaftari bado vinanunuliwa. Hapo ndipo ninapoona tatizo la kimaadili, siyo la bajeti tu. Aliyelipia kitenge cha shangazi ni mtoto anayeanza muhula na sare ya mwaka jana iliyombana mabegani. Hakuulizwa. Ukarimu wa aina hiyo unatoka mfukoni mwa mtu mwingine.

Mwaka 1993 mwanauchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alichapisha utafiti kuhusu zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wanazithamini kwa kiasi gani zawadi walizopewa, wakiweka kando mapenzi yao kwa mtoaji. Akakadiria kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani ya zawadi hupotea bure, kwa sababu mpokeaji asingenunua kitu hicho kwa bei hiyo. Hesabu yake inaeleza mashati mengi yaliyokunjwa makabatini kwetu. Lakini kile alichokiweka kando ndicho hasa kinachotupeleka sokoni.

Nyumbani kuna watu waliouza kahawa na mbuzi ili sisi tusome. Marcel Mauss, katika insha yake ya 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu unaofungamanisha watu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wanaotusubiri kijijini wana tamaa. Wanatudai, na deni lao ni la kweli. Ninachokataa ni wazo kwamba deni la miaka ishirini hulipwa tarehe 25 Desemba, mbele ya macho ya majirani. Mama anayehitaji dawa ya presha anaihitaji Machi pia, mwezi ambao hakuna anayetazama.

Zaidi ya hayo, gharama hii inafukuza watu. Nina binamu ambaye hakuja nyumbani miaka minne mfululizo. Kila mwaka kazi zilikuwa nyingi. Ukweli ni kwamba hakuwa na cha kushika mkononi. Bibi hakuwa akisubiri kitenge. Alikuwa akimsubiri yeye.

Kwa sababu yake, shangazi yangu alipendekeza utaratibu mpya. Mwezi wa Oktoba, kabla bei hazijachangamka, kila mtu mzima anaokota karatasi yenye jina la mtu mmoja tu, na zawadi isizidi shilingi 20,000. Watoto wanapewa kitu kimoja kila mmoja, basi. Kwa bibi, tunachanga kila mtu alicho nacho, tunanunua kitu kimoja alichokitaja mwenyewe. Mwaka wa kwanza alitaja tangi la maji. Na asiye na kitu anakuja hivyo hivyo, wala haulizwi.

Kaka yangu alipinga. Alisema tunaigeuza Krismasi kuwa kikao cha harusi, na kwamba zawadi yenye kikomo ni sawa na salamu yenye kikomo. Hoja yake haikuwa nyepesi: zawadi ina raha ya kupita kiasi kidogo, ya kumfanya mtu aseme, "Hukupaswa!" Lakini yeye mwenyewe aliokota jina la mama mkubwa, na kwa kuwa lilikuwa jina moja tu, akalazimika kumfikiria. Akakumbuka kwamba siku hizi mama mkubwa husoma Biblia ameinyoosha mbali kwa urefu wa mkono. Akamnunulia miwani ya kusomea. Bei yake haikufika hata nusu ya kikomo.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tumezoea kumrushia bahili methali hii. Mimi naona inamhusu zaidi yule anayekopa ili aonekane ametoa. Moyo una kazi zake za kufanya kabla ya pesa: kumtazama mtu, kujua anachokosa, na kuthubutu kusema, "Mwaka huu nina hiki tu." Maneno hayo ni magumu kutamka mbele ya ukoo, lakini anayeyatamka wa kwanza huwafungulia mlango wengine.